Namsubiri Kwenye Mtihani wa Pili

Mtwara, Jumamosi usiku

Steringi, yaani mhusika mkuu, akifa mwisho wa tamthilia, mimi sina ugomvi na mtunzi. Leo nimelisema hilo dukani kwa sauti, na wateja wangu wote wakanigeukia. Wengi wetu hapa Mtwara tumekulia kwenye vibanda umiza, vile vya kulipia kutazama video, na kule sheria ya kwanza, kabla hata hujajua kusoma jina la mwigizaji, ilikuwa kwamba steringi hafi. Atapigwa, atatumbukizwa mtoni, atapotea mpaka watu waanze kununa kwenye mabenchi, lakini mwisho atarudi na adui atakiona cha moto. Ndiyo maana leo mama mzima mwenye wajukuu ananiambia hajawasamehe Waturuki kwa kumuua Ibrahim Pasha wa tamthilia ya Sultan.

Nilitaka kumjibu vizuri, lakini cherehani ilikuwa inaunguruma, kuna gauni linatakiwa kesho asubuhi, na jirani yangu muuza pweza naye alikuwa ameshaingia na maoni yake. Sasa watu wamelala, umeme upo, nimepata nafasi ya kuyapanga.

Tamthilia yenyewe ni ile ya Sultan, tuliyoitazama Azam TV ikiwa imeingizwa sauti za Kiswahili. Kwao Uturuki ilianza kurushwa Januari 2011 ikaisha Juni 2014, sehemu 139. Ilipokuwa hewani kwetu, saa yake ikifika wanawake wa mtaani walikuwa wanahamia nyumba ambayo king'amuzi chake hakijakatika kifurushi, na mboga iliyokuwa jikoni ilijijua yenyewe.

Ibrahim ni mtoto wa mvuvi wa Parga, huko pwani ya Ugiriki. Akatekwa akiwa mdogo, akauzwa, akakutana na Suleiman, ambaye baadaye ndiye Sultan, wangali vijana, akawa mtunza ndege wake wa kuwindia, akawa rafiki yake wa ndani, na mwaka 1523 akawa waziri mkuu wa dola nzima. Kwenye tamthilia anaoa mpaka dada wa Sultan. Watu wa huku walimpenda tangu siku ya kwanza, hasa wale wa Mikindani ambao baba zao wanaamkia baharini. Mtoto wa mvuvi anaketi na mabalozi wa Ulaya! Kila alipopanda ngazi moja, sebule ilishangilia.

Kwa hiyo ulipofika usiku wa kifo chake watu walilia, na wengi mpaka leo wanamlaumu Hurrem, mke wa Sultan. Hurrem alichochea, simtetei. Lakini ukiifuata hadithi polepole unaona kwamba kilichomuua Ibrahim ni kilekile kilichompandisha, yaani ukaribu wake na bwana wake. Mwanzoni ukaribu ule ulimtia hofu. Hata katika historia inasimuliwa kwamba alimwomba Sultan asimpandishe haraka, akihofia wivu na kifo, na Sultan akamwapia kwamba hatamuua. Huyo ni mtu anayejua amesimama wapi. Anainamisha kichwa, anapima neno kabla halijatoka. Miaka inapita, mtihani uleule unarudi: baina yako na Sultan kuna nafasi, utaiacha ilivyo au utaijaza? Safari hii anaijaza. Anawaambia mabalozi kwamba dola inakwenda kwa mkono wake, kwamba hata simba ana mlinzi wake anayemwongoza. Kwenye vita vya Uajemi anajiwekea jina la usultani kwenye cheo chake. Hakuna aliyemlazimisha.

Usiku wenyewe ni chakula cha jioni tu, mwezi wa Machi 1536. Anakula na Sultan, analala kasrini kama alivyozoea, na hatoki tena. Hakuna vita, hakuna hotuba. Nimeirudia sehemu hiyo, na kinachoniuma ni kwamba anaingia kwa hiari yake kwenye nyumba aliyoizoea kuliko yake. Mtunzi hakumtafutia kifo cha kutushangaza. Alimwacha atembee kwa miguu yake mpaka mlangoni. Mwisho wa namna hiyo naukubali hata ukiniliza.

Mustafa, mwana wa Sultan, naye vivyo hivyo, mwaka 1553, pale anapoingia kwenye hema la baba yake ingawa ameonywa. Kijana yule tangu utoto tumemwona akichagua kumwamini baba yake. Angekimbia siku ile angekuwa mtu mwingine, na mimi ningezima runinga.

Hapo ndipo ninapotumia kipimo changu, na kipimo chenyewe sikukitoa kwenye runinga. Bibi yangu mzaa mama alikuwa somo wa unyago, mfundaji wa wasichana, huko Newala. Siku ya kuwatoa wali, kila mtu anasifu: khanga mpya, mafuta, ngoma, wasichana wamekuwa wanawake. Bibi hakuwa anasifu siku hiyo. Kule juu Newala maji yalikuwa taabu, ilibidi kuteremka bondeni na kupanda mlima na ndoo kichwani, na njia ile ndiyo ilikuwa inawashinda wasichana. Walikuwa wakigombana, wakilia, wakimwaga maji ya mwenzao. Bibi alikuwa anangoja miezi ipite, halafu anakwenda kukaa chini ya mwembe kwenye njia ya maji, anamwangalia mwali wake akipandisha. Pale ndipo alipokuwa anasema fulani amekua, au fulani bado.

Nami wahusika nawangoja kwenye njia ya maji. Mhusika akilia, akiomba msamaha, akinyoa ndevu, akibadili mavazi, akihamia mji mwingine, hiyo bado ni siku ya ngoma. Nataka nimwone anarudishiwa jambo lilelile lililomshinda mara ya kwanza, tena katika hali ngumu zaidi. Atakachofanya hapo ndicho nitakachokiamini, kiwe kizuri au kiovu.

Kiovu pia, ndiyo. Binti yangu yuko likizo kutoka chuo, amekuja na laptopu iliyojaa, na jioni ananitafsiria. Tumemaliza Breaking Bad, ya Marekani, sehemu 62, kuanzia 2008 hadi 2013. Mwalimu wa kemia anaambiwa ana saratani ya mapafu, anaanza kupika dawa za kulevya ili familia isibaki na dhiki. Mwanzoni kabisa ana mtu amemfunga kwa kufuli ya baiskeli chini ya nyumba, na inabidi amuue au amwachie. Hawezi. Anachukua karatasi, anaandika sababu za kumwacha upande huu na sababu za kumuua upande ule. Anampelekea chakula, wanazungumza, anakaribia kumfungulia. Halafu anakusanya vipande vya sahani iliyovunjika, anavipanga kimoja kimoja, anaona kipande kimoja chenye ncha hakipo. Anamuua huku analia na kuomba radhi.

Baadaye yuko chumbani, msichana wa watu anapaliwa usingizini, kumgeuza tu angepona. Mwalimu anasimama. Machozi yanamtoka, lakini mkono hauendi. Halafu karibu na mwisho anaagiza watu kumi wauawe magerezani ndani ya dakika mbili, naye amesimama dirishani anatazama saa ya mkononi. Hakuna karatasi ya sababu tena, hakuna machozi. Mtihani ni uleule: je, roho ya mtu ni kitu gani kwako? Jibu lilibadilika mbele ya macho yangu hatua kwa hatua, na kila hatua niliielewa, na hilo ndilo lililonitisha. Kwa hiyo mwishoni anapomwambia mkewe kwamba yote aliyafanya kwa ajili yake mwenyewe, wala si kwa ajili ya familia, sikuhitaji kuelezwa. Nilikuwa nalijua kabla hajalisema yeye.

Ugomvi wetu, mimi na binti yangu, uko kwenye Game of Thrones, nayo ya Marekani. Nitauandika kwa kirefu kwa sababu haujaisha.

Ilikuwa misimu minane. Sita ya kwanza ilikuwa na sehemu kumi kumi, wa saba sehemu saba, wa nane sehemu sita tu, mwaka 2019. Watu wengi wanalalamika juu ya Daenerys, yule malkia wa majoka, kuuchoma mji. Mimi Daenerys namwelewa zaidi kuliko wengi. Moto ulikuwa mdomoni mwake tangu zamani, tatizo ni kwamba walimkimbiza. Njia ya kutembea msimu mzima aliipita katika sehemu chache, na mtazamaji akabaki nyuma akihema. Haraka inaweza kumharibu mhusika hata pale ambapo anapelekwa mahali sahihi.

Wangu mimi ni Jaime, aliyekuwa mlinzi wa mfalme. Sehemu ya kwanza kabisa anamsukuma mtoto kutoka dirishani juu ya mnara. Nikamchukia. Msimu wa tatu anakatwa mkono, na siku moja wakiwa kwenye maji ya kuoga anamweleza Brienne, mwanamke mpiganaji aliyekuwa akisafiri naye, kwa nini alimuua mfalme aliyeapa kumlinda: mfalme alitaka kuuchoma mji mzima na watu wake ndani. Alichagua watu, akabeba jina la msaliti maisha yake yote, na hakumwambia mtu. Binti yangu alisimamisha picha hapo ili anitafsirie taratibu, na nikamwambia, mwanangu, huyu nitamfuata mpaka mwisho.

Mwisho ukafika. Mji uleule, hatari ileile ya moto, mtu yuleyule. Mtunzi hakuhitaji kutafuta mtihani wa pili, ulikuwa mezani umeshaandaliwa tangu miaka sita nyuma! Na Jaime anaulizwa na ndugu yake habari za watu wasio na hatia waliomo mjini, anajibu kwamba kusema kweli hakuwahi kuwajali sana. Nikamwambia binti yangu arudishe nyuma, labda ametafsiri vibaya. Akarudisha. Ni hivyohivyo.

"Mama, watu wanarudi walikotoka," aliniambia. "Wewe mwenyewe unawajua watu walioacha pombe wakarudia."

Nawajua, na mmoja nimemzika. Sipingi kwamba Jaime angeweza kurudi kwa Cersei, dada yake pacha na mpenzi wake, mapenzi yale yalikuwa ugonjwa na ugonjwa hurudi. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba alichokifanya ujanani kwa ajili ya mji hakikuwapo. Mlevi anayerudia pombe hasahau ile miaka aliyokuwa mzima. Inamkaa shingoni, ndiyo inayomfanya anywe kwa aibu. Ningemwona Jaime anarudi kwa Cersei huku anaujua uzito wa watu wale, akarudi hivyohivyo, ningelia na ningekubali. Binti yangu anasema uzito huo ulikuwa usoni mwake usiku anamwacha Brienne uani akilia. Mimi nasema uso peke yake hautoshi pale ambapo mdomo umesema kinyume.

Watu zaidi ya milioni moja walitia saini kwenye mtandao wakitaka msimu ule utengenezwe upya. Kwa hilo siko nao. Kilichokwisha kimekwisha, na mtunzi hana deni na mimi. Deni lake liko kwa mhusika aliyemlea.

Ndiyo sababu nilikasirika pia na Prison Break, tuliyoitazama ujana wetu kwa CD za kupokezana. Mwaka 2009 Michael Scofield amekwisha kufa na kaburi tumeliona. Tulimlilia, tukaona ni haki, maana mtu yule tangu siku ya kwanza aliingia gerezani kwa hiari ili amwokoe ndugu yake. Mwaka 2017 wakamrudisha mzima. Furaha niliipata, siwezi kukataa, lakini machozi ya 2009 yalinunuliwa kwa kitu gani? Mtu akifa kwa kumwokoa mwenzake, mwacheni akae na kifo chake.

Na mwisho mzuri si lazima uwe kifo. Wala harusi. Wa kupigiwa mfano kwangu ni Soseono wa Jumong, ya Korea, sehemu 81, ilirushwa kwao 2006 na 2007. Jumong mwenyewe anaanza mwoga kabisa, mwana wa mfalme asiyejua hata kushika upinde, na anaishia kuwa mfalme wa nchi aliyoianzisha. Safari yake nzuri, lakini ni safari tuliyoizoea. Soseono ni mtoto wa mfanyabiashara, anajua hesabu, anajua misafara, na ametoa mali, watu na miaka yake ili nchi ile isimame. Mwishoni, Soseono akiwa ameshaolewa na Jumong, mke wa kwanza wa Jumong anarudi na mtoto wake wa kiume. Sasa kuna mama wawili na watoto wa kiume wanaoweza kugombea kiti. Soseono anawachukua wanawe na watu wake, anaelekea kusini kuanza nchi nyingine. Mwanamke yule tangu mwanzo tumemwona akipima faida na hasara ya kila msafara, akijua wakati wa kushusha mzigo na wakati wa kuhama. Alivyofanya biashara ndivyo alivyofanya kwenye kiti cha enzi. Hakubadilika hata kidogo, ila jambo alilolipima lilikuwa kubwa zaidi, nami nilisimama kwenye kochi.

Nimeandika sana juu ya wageni. Tamthilia zetu nazitazama kila jioni, nazipenda, na kwa sababu nazipenda zinaniuma. Kizazi changu kilikaa miaka na Isidingo kwenye ITV, tukawa tunamjua Cherel kuliko wifi zetu, na nadhani tulizoea kwamba tamthilia ni kitu kisichoisha. Ile ya Afrika Kusini ilianza 1998 ikaja kukoma Machi 2020. Zetu nazo zinarefuka hivyo, na mhusika akirefushwa bila njia anaanza kuzunguka palepale. Mwigizaji akiondoka, mhusika anasafiri ghafla na hatajwi tena. Hata Waturuki walipata mtihani huo: mwigizaji wa Hurrem aliondoka 2013 na msimu wa nne akaja mwingine mwenye sura tofauti kabisa. Nilinuna kidogo, kisha nikamzoea, kwa sababu hofu ya wanawe ilikuwa ileile na ulimi ulikuwa uleule. Sura inaweza kubadilishwa, mtu wa ndani akibaki.

Linalonikera zaidi ni toba ya sehemu ya mwisho. Mama mkwe amemtesa mkwewe mwaka mzima, amekwenda kwa waganga, amebadilisha vyeti vya hospitali, halafu zikiwa zimebaki dakika kumi anapiga magoti, analia, anasamehewa, muziki unaingia, harusi. Waigizaji wanajitahidi, machozi yao ni ya kweli. Lakini mimi nabaki nauliza: kesho mkwe akiingia jikoni akaunguza wali, mama huyu atasema nini? Sehemu hiyo ndiyo ninayotaka kuitazama, na haijarekodiwa.

Halafu kila kitu kinatokea Dar, kwenye majumba yenye geti. Huku kwetu maisha yenyewe yanaleta mtihani wa pili kila mwaka, bila mtunzi kuumiza kichwa. Korosho. Nimewaza tamthilia ya mkulima wa Tandahimba. Mnada wa Oktoba au Novemba bei inapanda, AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, inapeleka majina, fedha inaingia benki, na jamaa anashuka mjini Mtwara. Tunajua yanayofuata: nyumba ya wageni, bia, pikipiki mpya, mwanamke wa mjini, na mke aliyeokota korosho zile kwa kuinama toka asubuhi anasikia habari kwa majirani. Machi hana kitu. Juni mikorosho inataka salfa na hana ya kununulia, anakopa kwa aibu, mke anapulizia naye bega kwa bega. Yote hayo yaonyeshwe kwa kituo, mikono yake, unga wa salfa kwenye nywele za mke, watoto waliorudishwa nyumbani kwa sababu ya michango. Wala asipige magoti mahali popote. Kisha msimu mpya, mnada, fedha imeingia. Jamaa yuko dirishani benki, karani anamuuliza anatoa kiasi gani. Tamthilia imebakiza sehemu moja.

Nimewasimulia leo jioni nyumbani. Mama yangu mzazi, aliyekuwa amejinyoosha kwenye mkeka, akasema atazila tena, maana wanaume wa msimu amewaona tangu enzi za mkoloni, na yeye angependa kumwona mke ndiye aliyesimama benki na kadi mkononi. Binti yangu anasema atoe zote, ampelekee mke, hata shilingi isipungue, watu washangilie. Mimi nimemkatalia, huyo mtu simwamini. Ningeandika atoe nusu, ya salfa ya mwakani aiache, apite mbele ya ile baa, aingie. Akae. Aagize soda moja, na mkono wake wakati wote uko juu ya mfuko wa shati. Binti yangu anasema hakuna atakayeilipia kifurushi tamthilia inayoisha kwa soda. Mama anasema yeye atalipia, ila anataka kujua hiyo soda kainywa na nani.